Mazoezi ya Mkono Mmoja

Siku ya mtihani wa walinzi, uwanja wa shabaha ulifurika watu utadhani soko. Mwalimu wa bastola, mwanamke mwenye skafu nyekundu na sauti ya kuamrisha, alijipenyeza hadi kaunta akachukue vikinga masikio. Vilibaki jozi moja. Mkono mwingine ukavidaka.

"Wanawake kwanza, kaka."

"Walimu mwisho, dada. Tunaotahiniwa ni sisi."

Alikuwa mlinzi wa benki, shati la bluu limepigwa pasi barabara, na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Mwalimu akaviachia. Moyo nao ukaenda hukohuko.

Wiki ya pili simu zilikuwa hazikauki.

"Mpenzi, nifundishe kupiga kwa mkono mmoja. Wa kushoto."

"Na wa kulia una kazi gani?"

"Kukushika wewe."

Mwalimu alicheka mpaka shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, akagonga ukuta.

Basi kila Jumamosi asubuhi wakawa uwanjani. Walianza na bastola tupu, sarafu juu ya mtutu. Sarafu ikianguka, kidole kimevuta kwa papara. Kisha wakaingia kwenye risasi. Baada ya miezi minne mlinzi alikuwa akitoboa katikati ya karatasi kwa kushoto, na mwalimu akivimba kichwa.

"Leo tubadilishe," alisema Jumamosi moja. "Kulia."

Mlinzi alisita, akashika. Kabla hajalenga, bastola yenye risasi ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Walinzi wengine saba waliokuwa mazoezini walilala kifudifudi kwa mpigo. Haikulia. Mwalimu aliiokota, akaitoa risasi.

"Umelewa?" alifoka, mbele ya watu wote.

Mlinzi aliondoka. Jioni akapiga simu.

"Sijalewa, mpenzi. Mishipa ya mkono wa kulia inakufa. Daktari aliniambia kabla sijakutana na wewe."

"Kabla?"

"Nilitaka wa kushoto uzoee kabla kazini hawajajua."

Mwalimu alihesabu, simu sikioni. Miezi minne! Na yeye akijiona anapendwa.

"Kumbe ulikuwa unatafuta mwalimu," alisema, akakata.

Siku tisa hakupokea simu yake. Chakula hakikupita.

"Mapenzi ni kikohozi, mwanangu," shangazi alimwambia. "Hayafichiki. Mpigie."

"Alinitumia, shangazi."

Siku ya kumi, adhuhuri, mlinzi aliingia uwanjani amevaa fulana na kandambili. Mwalimu alimtazama kiunoni. Mkanda wa bastola haukuwepo.

"Iko wapi?"

"Nimeirudisha. Nimewaambia ukweli, wamenitoa kazini."

"Mungu wangu! Umejiharibia mwenyewe?"

"Ningekuja na bastola ungeniamini? Sina kazi, sina mtihani wa kusubiri. Huna tena cha kunifundisha. Na bado nimekuja."

Mwalimu alimsogelea. Aliushika ule mkono wa kulia. Vidole vilikuwa baridi, havikukunjika. Machozi yakamtoka mbele ya wanafunzi wake, asijali.

"Wewe mwanaume utaniua kwa mishtuko," alisema. "Nioe basi, kabla akili hazijanirudia."

Mlinzi akamshika kwa mkono wa kushoto.