Herufi Nne za Ijumaa

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walikimbilia uwanjani, lakini binti mmoja akashika njia ya kwenda kazini kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na msimu wa sare za shule ulikuwa umepamba moto. Binti alikata nyuzi, akashona vifungo, akapiga pasi kola, kisha akarudi nyumbani kuosha vyombo. Darasani walimwita Sindano, maana hakukosa sindano iliyochomekwa kwenye sweta yake. Jina zuri, ila sindano hii ilikuwa imechoka hoi.

Hata hivyo hakusema. Mama mwenyewe alishona huku akipiga miayo na hakulalamika. Yeye angeanzia wapi?

Kila Ijumaa Mwalimu wa Kiingereza aliandika herufi chache ubaoni. Kazi ya wikendi ilikuwa kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote ndani yake, kwa mpangilio wowote, pamoja na maana zake. Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili. Ijumaa hii herufi zilikuwa A, E, R na T, na haikuwa kazi ya mchezo: watakaopata maneno mengi kuliko wote wangeiwakilisha shule kwenye mashindano.

"Safari hii ni sisi," alisema jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kifutio kwa kuwa alifuta kila alichoandika. Kifutio hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, si mbio, si kwaya, hata kupiga kengele. "Wewe tafuta yako, mimi nitafute yangu, Jumatatu tuunganishe. Tafadhali usiniangushe."

Sindano aliahidi. Lakini Jumamosi iliishia kwenye vifungo na Jumapili ikaishia kwenye pasi. Jioni alipokaa na karatasi, macho yalikuwa mazito na kichwa kitupu. Akachukua simu ya dada yake, akafungua ukurasa wa mtandaoni unaotafuta maneno, akaandika zile herufi nne. Maneno yakamwagika. Akayanakili yalivyo, maana akajitungia, akaenda kulala.

Jumatatu Kifutio alikuja na maneno machache kwenye karatasi iliyofutwafutwa hadi ikatoboka: water, heart, later, father. Alipoyaona ya mwenzake, nusura apige vigelegele. Walipounganisha, wakaongoza darasa zima.

"Hongereni," alisema Mwalimu, lakini uso wake haukuonyesha hongera yoyote. "Hebu hili hapa, aerate. Maana yake nini?"

"Ni... mtu anayependa kupanda ndege," Sindano alijibu.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Ni kuingiza hewa ndani ya kitu. Maneno haya mmeyatoa wapi?"

Sindano aliangalia sakafu. Aliyesimama alikuwa Kifutio.

"Ameyatafuta mwenyewe, Mwalimu. Huyu mwenzangu hadanganyi."

"Haya. Nitatangaza kesho," alisema Mwalimu, akaondoka na karatasi zao.

Mchana ule Sindano alimkuta mama yake hashoni. Alikuwa ameketi chini, rundo la mashati mapya pembeni, wembe mkononi, akifumua mshono mmoja baada ya mwingine.

"Nimeweka mifuko upande wa kulia," alisema Mama bila kuinua macho. "Shule ile huvaa kushoto. Mikono ilikuwa inakwenda, mwenyewe nimelala."

Sindano alilitazama lile rundo, akatamani kulia. "Si tuyapige pasi tu, Mama, tuwape hivyohivyo? Nani atajua?"

"Atakayelivaa atajua."

Roho ikamsuta. Alichukua shati, akaanza kufumua, na kabla mfuko wa kwanza haujatoka alikuwa amekwisha kusema yote: simu, ndege, na jinsi Kifutio alivyosimama kumtetea. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukuniambia kama umechoka?"

"Na wewe hukusema, Mama."

Mama aliuweka wembe chini. Akacheka kicheko cha mtu asiye na nguvu. "Basi tumeumbuka sote wawili. Mashati haya nitayamaliza mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, uwe mlangoni kwa Mwalimu. Na mwenzako awepo."

Asubuhi, mlangoni kwa Mwalimu, Sindano alieleza kila kitu mbele ya Kifutio. Kifutio alimgeukia.

"Nilikutetea mbele ya darasa zima," alisema.

"Najua. Nisamehe."

Mwalimu alichukua kalamu, akayakata maneno yote ya Sindano. Yakabaki yale machache ya Kifutio. "Wengine walikuwa na wikendi nzima," alisema. "Ninyi mna mapumziko ya leo tu. Mtakaa hapa mezani kwangu, bila simu."

Mapumziko yalipofika wakakaa, na mwanzoni hakuna kilichokuja. Kisha Sindano akaona uzi ukining'inia kwenye mkono wa sweta yake. Thread! Na sweta yenyewe, sweater! Kifutio alimtazama Mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari, akaandika teacher, na kwa mara ya kwanza siku ile hakufuta.

Hawakushinda. Wasichana wa dawati la mbele waliwapita kidogo tu, Sindano na Kifutio wakatajwa kuwa wa akiba.

"Akiba nayo ni kuchaguliwa," alisema Kifutio, akasogea karibu na mwenzake kwenye dawati.

Mwalimu alimwita Sindano pembeni. "Ungeniambia umechoka, ningekuongezea siku. Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa lako ni kuuficha uchovu kwa uongo, na mwenzako akausimamia uongo huo bila kujua. Siku nyingine sema mapema, upate msaada."

Mchana Sindano alifika kazini kwa mama yake, akasimama mlangoni.

"Mama, leo nimechoka."

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. "Hata mimi," alisema. Wakafunga mlango jua likiwa bado juu, na sare zilizobaki zikasubiri kesho.