Mafundo Saba ya Tuta la Tatu

Kila jioni, baada ya kuvua sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ndogo. Alipita kati ya matuta kumi na mawili ya saladi ya mama yake, akikagua vigingi. Palipokuwa na uzi wenye mafundo, alifungua fundo moja, moja tu, kisha akaenda zake kucheza. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Hata akiwa peke yake shambani alizungumza na saladi, nayo saladi, kwa kuwa ina adabu, haikumkatiza.

Mafundo hayo yalikuwa ufundi wa mama. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojificha chini ya majani, walipovamia tuta, mama alilipulizia dawa. Chupa ya dawa iliandikwa kwamba mboga isivunwe mpaka zipite siku saba, ili sumu iishe kwenye majani. Basi siku ileile mama alifunga mafundo saba kwenye uzi na kuufunga kwenye kigingi cha tuta hilo. Uzi ukibaki bila fundo hata moja, saladi ya hapo iko tayari kuvunwa.

"Kichwa changu kimebeba mambo mengi," mama alipenda kusema. "Uzi umebeba moja tu. Ndiyo maana nauamini."

Jumanne moja Chiriku alirudi kutoka shule na furaha kubwa. Alikuwa amechaguliwa katika timu ya kuruka kamba, na mashindano yalikuwa Ijumaa. Kuanzia kesho yake wangefanya mazoezi kila siku mpaka jua linazama. Alisimama mbele ya tuta la tatu, ambalo uzi wake ulikuwa na mafundo manne. Akafungua la siku hiyo. Halafu akayatazama yale matatu yaliyobaki.

"Nikirudi nitakuwa nimechoka," aliiambia saladi. "Si bora nimalize kazi yote leo? Wenyewe wanasema linalowezekana leo lisingoje kesho."

Saladi haikupinga. Chiriku akafungua la tano, la sita na la saba, akarudi nyumbani akijiona mchapakazi.

Siku iliyofuata, Jumatano, alikuja nyumbani mchana kula. Alimkuta mama jikoni akiimba, jambo ambalo mama hulifanya akiwa na habari njema.

"Leo tumebarikiwa," mama alisema huku akimpakulia chakula. "Asubuhi lilikuja gari la hospitali, bila hata kunipigia simu. Mkulima wao mwingine amekosa mboga. Wamechukua kreti sita. Wakipenda saladi yetu, watachukua kila wiki, nami nitaachana na kukaa sokoni juani kutwa nzima."

"Kreti sita umezitoa wapi, mama?"

"Tuta la kwanza, la pili, na la tatu lote."

Kijiko kikabaki njiani, kati ya sahani na mdomo.

"La tatu? Lakini lile lilipigwa dawa Jumamosi."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikaenda kuutazama uzi, nikakuta hauna fundo. Nikajiambia, nimechanganya mimi, labda Jumamosi nilipuliza tuta la saba. Uzi hausahau."

Chiriku alitazama sahani yake. Zilikuwa zimepita siku nne tu. Huenda wangeiosha vizuri, alijiambia. Huenda isingemdhuru mtu. Na akisema, hospitali haitanunua tena, na mama atarudi kukaa sokoni juani. Akinyamaza, nani atajua? Lakini mboga nyingine hupita motoni kwanza. Saladi inatoka shambani, inaoshwa, inaingia tumboni. Na matumbo yenyewe ni ya wagonjwa.

"Mbona Chiriku amenyamaza?" mama aliuliza. "Au leo jua limechomoza magharibi?"

"Mama, mafundo niliyafungua mimi. Yote manne jana. Nilitaka nisije shambani mpaka Ijumaa."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Mama alisukuma sufuria kando. Alichukua simu, akampigia mpishi mkuu wa hospitali. Simu iliita, iliita, ikakatika. Akajaribu tena. Haikupokewa.

"Wagonjwa wanakula saa saba," mama alisema, akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tano. "Vaa viatu."

Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Siku hiyo waliufupisha kwa kukimbia, mama mbele, kitenge amekishika mkononi, Chiriku nyuma na pumzi zake. Alijua kuruka kamba mara mia bila kukosea, lakini miguu yake haikuwahi kuwa mizito namna ile. Njia nzima aliwaza juu ya mtu mmoja asiyemjua, aliyelala kitandani, akiletewa jani la kijani kwenye sahani.

Mpishi mkuu alikuwa mwanamke mrefu ambaye wauguzi wote walimwita Shangazi. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, kwa kuwa hakuruhusu simu jikoni, hata yake mwenyewe. Walimkuta mbele ya mabeseni mawili yaliyojaa saladi iliyokatwakatwa pamoja na nyanya na matango.

"Usigawe," mama alisema, akihema. "Tafadhali, usigawe hiyo saladi."

"Mwambie," mama akamgeukia Chiriku.

Chiriku alieleza kwa maneno machache, pengine machache kuliko yote aliyowahi kusema kwa pumzi moja: dawa, siku saba, mafundo, yeye. Shangazi hakumaliza kumsikiliza. Aliweka kisu chini.

"Kigari cha wodi ya watoto kimeshatoka," alisema, akaanza kukimbia.

Walimfuata kwenye korido ndefu iliyonukia sabuni. Kigari cha chakula kilikuwa kimesimama nje ya mlango wa wodi, sahani zote zikiwa zimefunikwa. Muuguzi alikuwa ameegemea ukuta kando yake, anapiga miayo.

"Umegawa?" Shangazi aliuliza.

"Ningegawaje? Daktari bado anazunguka. Watoto wanalalamika njaa hapo ndani, mimi nimesimama tu kama kigingi."

Shangazi alifunua sahani ya kwanza, akaifunika. Kisha akakaa sakafuni palepale na aproni yake nyeupe, akaanza kucheka. Mama naye akacheka, machozi yakimtoka. Chiriku aliegemea ukuta, akizihesabu sahani moja moja. Hakuna aliyekula. Hakuna hata mmoja.

Saladi yote ilimwagwa shimoni, pamoja na ile ya tuta la kwanza na la pili, maana ilikuwa imeshachanganywa. Mlinzi aliomba apewe kidogo kwa ajili ya sungura wake.

"Sungura naye ana tumbo," Shangazi alimjibu.

Watoto walipata chakula chao bila saladi, na inasemekana hawakulia.

"Basi nadhani hutanunua tena kwetu," mama alisema walipokuwa wakiaga. "Na kosa ni langu pia. Moyo uliniambia nimsubiri mtoto nimuulize, nikaona haya kumkawiza dereva."

Shangazi alifuta mikono yake polepole.

"Miaka kumi na miwili watu wananiletea mboga," alisema. "Nyinyi ndio wa kwanza kuja kuninyang'anya. Mtu akikimbia hivyo juani ili kusema nimekosa, nikiacha kununua kwake, nitanunua kwa nani? Ila nina sharti. Kila tuta likivunwa, uzi wake uje umefungwa kwenye kreti. Na auandae huyu huyu."

Jioni ile Chiriku hakwenda mazoezini. Alimwomba mama uzi, akayarudisha mafundo matatu kwenye kigingi cha tuta la tatu, ingawa tuta lilikuwa tupu. Akafungua moja. La pili alilifungua Alhamisi, la tatu Ijumaa, baada ya timu yake kushika nafasi ya nne.

Wiki mbili baadaye, siku isiyo ya shule, alipeleka kreti ya kwanza na mama yake. Shangazi aliupitisha uzi kati ya vidole vyake, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anayetafuta mwiba.

"Haya mafundo umeyafungua kwa siku ngapi?"

"Saba, Shangazi."

"Hata siku uliyochoka?"

"Siku hiyo nililalamika njia nzima. Lakini nilifungua moja tu."

Shangazi alicheka, akaufunga uzi kwenye ndoano nyuma ya mlango, pale pale ulipotundikwa mkoba wenye simu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kazi ya mikono unaweza kuimaliza mapema, na mtu akakusifu. Kusubiri hakumalizwi mapema. Na ukikosea, kimbia useme kabla chakula hakijafika mezani. Sasa niletee hiyo kreti, watoto wana njaa."

Chiriku akaibeba kreti ndani, akizungumza njia nzima.