Plagi ya Skuta ya Baba

Yaliyompata rafiki yangu Ornella, wa Livorno, sikuyashuhudia. Nimeona tu kovu kiganjani mwake. Skuta ya marehemu baba yake ilikuwa iende kesho yake kwa wakaguzi wa serikali, na ikikataa kuwaka ingegeuzwa chuma chakavu. Akashuka gereji ya chini ya jengo kusafisha plagi.

“Binti, bado unaosha maiti?” akamtania jirani yake, mzee Taddei, akipanda ngazi.

“Nenda zako, mzee! Kesho itakunguruma mpaka chumbani kwako.”

Akaifungua plagi, ambayo bila hiyo injini haiwaki, akaisugua masizi. Taa ikazimika. Halikuwa jambo la ajabu: kikao cha wenye nyumba, baada ya kubishana miaka, kiliamua taa ya chini ijizime yenyewe kila baada ya dakika chache. Akapapasa ukuta kutafuta swichi.

Nyuma yake mtu akapiga kiki. Akapumzika, akashusha pumzi, akapiga tena, vilevile alivyozoea marehemu baba yake.

“Taddei, acha utani!”

Injini ikawaka, ikanguruma taratibu gizani. Ornella akakaza ngumi. Plagi ilikuwa bado mkononi mwake, na ilikuwa inaanza kupata moto.