Kufagia kwa Onesmo

Mikono miwili ilishika fungu moja la michembe ya viazi vitamu, la mwisho, katikati ya kelele za Jumamosi za soko la Shinyanga.

"Dada, achia. Mimi nina safari."

"Na mimi nina mama anangoja nyumbani. Achia wewe, kaka mwenye raba nyeupe."

Muuzaji akacheka, akawagawia nusu kwa nusu. Paskalina, na gauni lake la kitenge cha njano, aliondoka na nusu ya michembe. Moyo wote aliuacha pale.

Kijana aliitwa Herman, mchimbaji wa dhahabu huko Nyarugusu. Kila mwisho wa mwezi alikuja kumwona Paskalina huko Kota za Pamba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilishakufa, tabia za mtaa hazikufa: mtoto hula penye jiko lililotangulia kuiva, na mgeni hasalimii nyumba moja akairuka ya pili. Herman alitoa shikamoo hadi koo likamkauka.

"Mbona kila mwanamke anafagia mlangoni kwake tu?" aliuliza siku moja.

"Ndivyo tulivyolelewa. Ukiniona nafagia mlango wa mwanamume, ujue nimeolewa hapo."

"Basi utafagia wangu, mpenzi. Mambo yakininyookea tu, naleta wazee."

Kisha Herman akapotea. Simu haikupatikana mwezi mmoja, miwili, hadi minane. Paskalina alimtamani hata kikohozi chake. Kila pikipiki ikikata kona alinyoosha shingo, halafu akajionea haya.

"Labda shimo la duara limemfukia huko mgodini," walinong'ona wengine.

"Kapata mwingine," walisema wasiojua kunong'ona.

Ukimya wa umpendaye ni adhabu, tena ya kosa usiloambiwa.

Jirani yao, Mama Valerian, aliyefuata mchele Ushirombo, ndiye aliyekutana na Herman huko akarudi na namba yake mpya. Paskalina alipiga mchana ule ule, kasimama barazani.

"Herman, mpenzi wangu, nilikukosea nini?"

"Nilikuja, Paskalina. Mwezi wa tatu, asubuhi, barua ya posa mfukoni. Nikakukuta unafagia mlangoni kwa Onesmo, yule kijana jirani yenu. Nikageuza, nikaitupa na ile laini ya simu."

Paskalina alicheka, machozi yakamwahi. "Mama yake alivunjika nyonga! Hana binti. Wanawake wa mtaa tulipeana zamu, siku hiyo ilikuwa yangu. Onesmo ni kama kaka yangu tu!"

Herman alishusha pumzi ndefu.

"Rudi basi," Paskalina alisema. "Mimi bado nipo. Nimekungoja."

"Nimeoa, Pasi. Mwezi wa sita. Anaitwa Suzana. Ana mimba."

Paskalina alishika nguzo ya baraza.

"Mtaa mzima unakujua kwa jina, Herman. Ulishindwa kubisha hodi hata mlango mmoja, ukauliza?"

"Niliogopa wangeniambia ni kweli."

Paskalina alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Msalimie Suzana," alisema, akakata simu. Akakaa chini pale pale, akalia kwa sauti kama aliyefiwa, hadi Mama Valerian akatoka, akakunja khanga yake, akakaa karibu naye.