Picha ya Mwali kwenye Video ya Kadi

Tii! Tii! Tii! Kabla sijafungua mlango wa dada yangu Dorothy, niliisikia simu yake ikilia bila kupumzika. Nikatabasamu. Nilidhani ni wateja.

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, jambo hili lilitokea nyumbani kwetu, na sitalipaka rangi.

Dorothy hutengeneza kadi za mialiko kwa simu. Hana ofisi wala msaidizi. Ana meza moja na binti mmoja, Pendo, anayejua kunyamaza mama yake anaporekodi. Ujanja wake ni kurekodi kioo cha simu yenyewe wakati anaitengeneza kadi: unaona maandishi yanavyoingia na picha inavyokaa mahali pake, huku yeye akieleza. Kisha video huenda kwenye makundi ya WhatsApp, na watu huagiza. Maneno ya kuvutia namwandikia mimi, kwa vina: "Kadi yako mkononi, bila kufika mjini." Hakuna aliyenifundisha kutunga, na najivunia hilo.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, maagizo ya ngoma za unyago yalifurika. Bimdogo wa kijiji cha Makote aliagiza kadi ya binti yake Mwanaisha, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye tayari alikuwa amewekwa ndani pamoja na wenzake. Alituma picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shule. Ya pili aliipiga mle ndani: Mwanaisha yuko mkekani, kajitanda kanga, kichwa kimenyolewa.

"Mama Pendo," aliandika, "ameshanyolewa. Ile ya zamani itafaa kweli?"

Dorothy akajibu kwamba itafaa. Ile ya pili hakuifuta.

Asiyejua na ajue: mwali, yaani msichana aliye unyagoni, haonekani mpaka siku ya kutoka. Hata Bimdogo hakupaswa kuipiga picha ile.

Dorothy akarekodi. Alipofungua picha zake ili achague ile ya shule, zote zilijipanga kiooni, ndogondogo, na ile ya mkekani ikawa juu kabisa. Ilipita kama kufumba na kufumbua.

"Nikolao, kama kuna kitu kimepita hapo," aliniambia. "Nirudie?"

Niliiona. Nasema kweli, niliiona. Lakini sauti yake ilikuwa imeyabeba maneno yangu vizuri mno. "Dada, nani atasimamisha video kwa ajili ya hicho?" nikamjibu. Nikaituma mwenyewe kwenye makundi kumi na moja, mpaka ya Newala.

Sasa rudini nami mlangoni, asubuhi ile. Nilimkuta Dorothy amekaa, chai imepoa mbele yake.

"Wateja hao?" nikauliza.

"Soma."

Mtu alikuwa ameisimamisha video, akaikata picha ile na kuandika: "Mwali katoka kabla ya ngoma! Vigelegele vya nini tena?" Chini yake vicheko. Kisha sauti ya Bimdogo, imekauka kwa kulia: "Mama Pendo, nimekukosea nini? Watoto wamepita nyuma ya nyumba wakimwimbia 'mwali wa simu'. Kesho wali wanatoka, na Mwanaisha amegoma kutoka."

Tulifuta video kila tulipoweza. Ikifutwa kwenye kundi moja, picha inatokea kwenye jingine. Mteja mwingine akaandika: "Futa picha za mwanangu. Kadi sitaki tena."

"Mama, leo hurekodi?" Pendo aliuliza.

Niliazima pikipiki, tukapanda Makote. Ukungu ulikuwa umeifunika mikorosho, na hakuna aliyetoka kutupokea. Nyakanga, bibi anayewalea wali, alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, bibi," Dorothy akaamkia.

"Marahaba. Ndiwe wa simu?"

"Ndimi."

"Haya, ongea naye kupitia pazia hilo. Nimetoa wali tangu mama yako hajaolewa, lakini huyu kanishinda."

Dorothy alipiga magoti. "Mwanaisha, mwanangu, nimekuja kuomba radhi."

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Wameshaniona. Nitoke kuonyesha nini?"

"Waliyoyaona nimeyaonyesha mimi. Aibu ni yangu. Kesho nitayasema haya uwanjani, watu wote wasikie."

Nami fundi wa vina nilibaki kando ya pikipiki. Dada alijitwika kosa langu, nikamwacha alibebe.

Kesho yake alisema. Wengine walimzomea. Kisha wali wakatoka, wamefunikwa kanga za aina moja. Nilihesabu: wanane. Ndani walikuwa tisa. Ngoma ikanyamaza. Bimdogo akauma upindo wa kanga yake. Kisha nyakanga akatokea mlangoni, amemshika mkono mwali wa tisa.

Vigelegele vilipigwa. Lakini picha ile bado imo kwenye simu za watu, na Bimdogo hadi leo humsalimia dada yangu huku akitazama kando.

FUNZO

Wewe unayeuza kwa kurekodi kioo cha simu, kumbuka kwamba humo wamo watu waliokuamini. Kabla ya kurekodi, zima ujumbe unaoingia na ondoa picha zisizohusika. Itazame video mpaka mwisho. Ukitia shaka, rudia, hata kama umechoka. Nawe uliyeikata picha ile, unajijua. Sisi tulizembea, wewe ulikusudia.

Jumapili iliyopita nilipanda tena Makote. Nilimkuta Mwanaisha anamenya mihogo na mama yake. Nikamwambia lile ambalo dada yangu alilificha: kwamba picha niliiona, nikaipuuza kwa kupenda maneno yangu.

Akaacha kisu. "Na ukiona tena ya mtoto mwingine?"

Nikajibu kwa sauti, mama yake akisikia: "Mwanaisha, video hiyo haitatoka mkononi mwangu. Tutairudia hata mara mia, na vina vyangu viharibike."