Mashine Iliyoitika kwa Niaba ya Akeyo

Jumatatu hiyo Akeyo alifungua kompyuta akakuta ameshakubali kwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyemwalika.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na tisa, kiangazi kikali. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu Kawangware, kwenye ploti ya Mzee Ng'ang'a, ya shirika dogo lililokuwa likipeleka mifereji ya maji mtaa wa Mashimoni. Wakubwa wao walikaa mjini, na wakubwa hao walipenda mikutano kuliko chai. Kila mkutano ulikuja kwa imeli: siku, saa, mahali, halafu swali, utakuja ama hutakuja. Ukijibu, mkutano unajiandika kwenye kalenda ya kompyuta. Akeyo, karani, alichoka kujibu. Wiki mbili nyuma aliingia kwenye ukurasa ambapo kila mtu huiambia mashine anavyopenda kuhudumiwa, akaweka tiki penye maneno haya: kubali mialiko yote kwa niaba yangu, usiniulize. Chini paliulizwa nani apokee mialiko siku ambayo yeye hayupo. Akaandika Celine, mdogo wake, aliyekuwa akija mara mojamoja kusaidia kupiga chapa. Ukurasa wa Celine pia akauwekea tiki ileile, akajiona mjanja.

Mimi naona ni upuzi kuikabidhi mashine mdomo wako. Lakini hayo ni yangu.

Mwaliko ulisema: Ijumaa, saa saba mchana, chumba cha nyuma. Penye jina la anayealika palikuwa peupe. Chini yake, jibu: Nitakuja. Akeyo.

"Muia, hii umeweka wewe?" aliuliza. Muia alikuwa fundi wa mifereji, na ndiye aliyeijua kompyuta kidogo.

"Chumba gani cha nyuma? Si hicho ni cha landlord, hata ufunguo hatuna." Muia akacheka. "Ni hao watu wa mjini wanacheza. Futa tu."

Akafuta. Baada ya chai ulikuwa umerudi. Akafuta tena, ukarudi. Mara ya tatu alisikia, nyuma ya ukuta, ndoo ikigonga maji, chini sana. Kisha harufu ikaingia, ya tope bichi na majani yaliyooza majini, na nje mchana ule hata vumbi lilikuwa limechoka na jua.

Muia alitoa ile tiki kwa mkono wake mwenyewe, Akeyo akiangalia. Jumanne asubuhi tiki ilikuwa pale pale. Muia akang'oa waya wa simu nyuma ya kompyuta, imeli isiwe na njia ya kupita. Mwaliko ukaja hata hivyo. Siku hiyo Muia hakucheka tena.

Jumatano wakamwita Mzee Ng'ang'a. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Hapo nyuma kulikuwa na kisima," alisema kwa sauti ya chini. "Kisima cha kuita watu. Kinaita jina lako, vizuri tu, kama mtu wa kwenu. Ukinyamaza, unapita na maisha yako. Ukiitika, utaenda, hata ushikwe na wanaume wanne. Baba yangu alikifunika na simiti, akajenga juu yake. Lakini hakijawahi kuchukua mtu ambaye hajaitika."

"Mimi sijaitika, mzee," Akeyo alisema.

Ng'ang'a akaelekeza kidole kwenye skrini. "Na hii ni nini?"

Nyanyake Akeyo huko ziwani alimfundisha tangu utotoni: ukiitwa na humwoni anayeita, nyamaza mpaka uitwe tena. Kila mtoto wa kijiji alijua hivyo. Ila kompyuta haikulelewa na nyanya yeyote.

Jioni alikwenda Mashimoni kwa Kalondu, mama wa maombi ambaye watu walisema ameshatoa mashetani magumu. Kalondu alimshika kichwa, akaomba mpaka jasho likamtoka, kisha akaondoa mikono na kuifuta kwenye leso.

"Nani alikuitikia?" aliuliza.

"Mashine, mama."

"Na mashine nani aliiambia iitike?"

"Mimi."

"Basi mwanangu, siwezi. Kama angekuwa amekuingia, ningemtoa. Huyu hajaingia popote. Amekuita, na wewe umesema utakuja. Maji yakimwagika hayazoleki." Kalondu alikuwa analia. "Ijumaa usitoke kwako. Hilo tu ndilo najua."

Alhamisi, kabla ya kutoka kazini, Akeyo akapata wazo. Palikuwa na mahali pa kuiambia mashine siku ambazo hupo. Akaandika: Ijumaa, Akeyo hayupo. Mwaliko ukafutika mbele ya macho yake. Alingoja nusu saa nzima, haukurudi. Alishukuru Mungu kwa sauti, na Muia akampa mkono.

Walikula omena usiku huo chumbani kwao mtaa wa Lindi, yeye na Celine. Celine alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yao alipokuwa akifariki, Akeyo alimwapia kitandani kwamba huyu mtoto hatapotea Nairobi, na kila alichofanya tangu hapo, hata hiyo kazi ya ukarani, alikifanya kwa ajili yake.

"Dada, unanitazama hivyo kwani nimeota pembe?" Celine alimtania.

"Kula," Akeyo alisema, akamwongezea ugali.

Ijumaa Celine alikwenda Olympic, alikokuwa akijifunza kusuka katika saluni ya Rosebella. Akeyo alijifungia ndani, akakaa kitandani na Biblia. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, hakusikia chochote isipokuwa redio za majirani. Saa sita na nusu akafungua mlango kidogo apate hewa. Jirani alikuwa anaanika nguo.

"Sasa Akeyo. Leo hauendi job? Nani amekushikia nafasi?"

Hapo ndipo alipokumbuka ule mstari wa chini, alikoandika jina la Celine, na ile tiki aliyomwekea.

Akakimbia. Alikimbia bila viatu mpaka Olympic, akaingia saluni akishika ubavu, na kiti cha Celine kilikuwa kitupu, kichana kimelala juu yake.

"Si umemwita?" Rosebella alishangaa. "Amesema anasikia dada yake anamwita, akaacha mteja na nywele nusu. Ametoka, hata saa nzima haijapita. Sisi wengine hatukusikia kitu."

Saluni ilikuwa na simu. Akeyo alipiga ofisini, akakosea namba, akapiga tena.

"Muia, Celine amefika hapo?"

"Ndio anapita sasa. Hata hajanisalimia." Kisha Muia akaanza kunong'ona. "Akeyo, huu mlango wa nyuma ni nani amefungua?"

"Mshike, Muia, mshike usimwachilie."

Akasikia simu ikiwekwa juu ya meza, na viti vikianguka, na Muia akiita Celine, Celine, na miguu ikiburutwa sakafuni, na katikati ya hayo yote akasikia sauti yake yeye mwenyewe, Akeyo, ile sauti ya jioni anayomwitia mdogo wake chakula, ikitoka mbali chini na kupanda taratibu, Celine, njoo, na yeye huku Olympic akipayuka kwenye simu kwamba si mimi, Celine, si mimi, mpaka wanawake wa saluni wakamshika mabega, na akamsikia Celine akijibu kwa upole, kama mtoto aliyeamka usingizini, nakuja dada, halafu ndoo ikagonga maji.

Polisi walivunja sakafu ya kile chumba. Simiti ilikuwa nzima, haina hata ufa, na kisima kilichokuwa chini yake kilikuwa kikavu kabisa. Viatu vya Celine vilikuwa kando ya ukuta, vimepangwa vizuri. Muia alibaki na alama za kucha mikononi, akaacha kazi, akarudi kwao.

Watu walishangaa Akeyo aliporudi ofisini, na wengine walimsema vibaya. Alikataa kompyuta iondolewe. Ile tiki imejitoa yenyewe, siku hizi mashine haimjibii tena, inamuuliza. Kila Jumatatu mwaliko unakuja: Ijumaa, saa saba mchana, chumba cha nyuma. Penye jina la anayealika si peupe tena, pameandikwa Celine. Chini yake kuna swali, utakuja ama hutakuja.

Akeyo hupeleka kidole penye hutakuja, kisha hukirudisha. Hajawahi kumkatalia mdogo wake kitu.