Niacheni, Alisema Mnoa Visu

Enyi mnaopita barabarani, wenye magari na wenye miguu, nawaomba mnisikilize kwa muda mfupi. Nitakayoyasimulia hayana shujaa, na waovu wamo wachache mno. Watu wema ndio waliojaa, na ndio walioleta hasara.

Asubuhi ile nyumba ya mnoa visu ilikuwa na amani, kwa kadiri nyumba ya vyumba viwili yenye watu wazima watatu inavyoweza kuwa nayo. Mnoa visu, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa ameisimamisha baiskeli yake uani juu ya stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likining'inia hewani. Mkanda wa mpira ulitoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa juu ya fremu. Alipokanyaga pedali, jiwe lilizunguka. Alipoacha, kazi ilisimama. Mikono yake ilikuwa ya kawaida tu. Riziki yake ilikuwa miguuni, naye aliitunza miguu hiyo kama wengine wanavyotunza mashine.

Mkewe alikaa dirishani akishona sare za shule kwa cherehani. Mdogo wake Cheche, mwenye bucha sokoni, alikuwa akijifunga aproni mlangoni. Huyu aliitwa Pande, kwa kuwa mkono wake haukujua kukata kidogo.

"Shemeji," Pande alisema, "mumeo ananoa visu vya mji mzima, lakini hiki cha jikoni kwenu kinashindwa na nyanya."

"Mwambie mwenyewe," mke alijibu bila kuinua macho. "Mimi niko kwenye foleni kama wateja wengine. Zamu yangu haijafika."

"Nenda kafungue bucha," Cheche alisema. "Visu vyako nitavileta, vyote tisa."

"Vilete mapema, kaka. Jana nimekata nyama kwa hasira tu, wala si kwa kisu."

Walicheka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho wakiwa wote wazima.

Saa tatu Cheche alikunja stendi, akafunga sanduku la visu kwenye keria, akapanda baiskeli kuelekea sokoni. Kwenye kona ya kituo cha mafuta, gari dogo la kijivu lilichomoza. Dereva alikuwa ametazama kulia na hakutazama kushoto. Sitamtetea. Bampa lililipiga gurudumu la mbele, Cheche akarushwa juu ya boneti, kichwa chake kikapasua kioo, kisha akaanguka kwenye lami kwa bega na shingo. Sanduku lilivunjika. Visu tisa vilivyotoka kunolewa vilitapakaa barabarani.

Dereva alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, mtu wa makamo mwenye miwani. Kazini kwake wafanyakazi walifundishwa huduma ya kwanza kila mwaka, naye alikuwa mmoja wa wale wachache waliosikiliza. Alizima gari, akawasha taa za tahadhari, akapiga simu ya dharura na kueleza mahali walipo bila kupapasa maneno. Kisha akapiga magoti nyuma ya kichwa cha Cheche na kukishika kwa mikono miwili, kiganja kimoja kila upande, vidole vikishuka hadi shingoni, ili kisigeuke.

"Kosa ni langu," alisema. "Usigeuze kichwa. Nijibu kwa mdomo tu. Unaisikia miguu yako?"

"Naisikia. Inauma."

"Afadhali iume. Hebu chezesha vidole."

Kiatu kimoja kilikuwa kimemvuka. Vidole vitano vya mguu wa kulia vilipanda na kushuka.

"Vizuri. Gari la wagonjwa linakuja, dakika kumi na tano. Tutakaa hivi hivi, mimi na wewe."

"Tukae," alisema Cheche. "Sina safari nyingine."

Hadi hapo, msomaji, kila jambo lilikuwa limefanywa sawasawa, na lilikuwa limefanywa na mtu mwenye hatia. Hali kama hiyo umati hauivumilii.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi viatu, mtu mpole, aliyemfahamu Cheche kwa miaka mingi. Maneno yale hakuyasikia. Aliona gari, akaona damu, akaona jirani yake kalala chini na mwenye gari kamshika shingo kwa mikono miwili. Akakumbuka habari ambayo sote tumeisikia, kwamba dereva akikugonga na usife, hurudi kukumalizia ili usitoe ushahidi. Nimeisikia habari hiyo kwa watu wengi walioisikia kwa watu wengine. Aliyeishuhudia sijapata kukutana naye.

"Anamnyonga," fundi viatu alisema, kisha akalirudia kwa sauti kubwa. "Jamani, anamnyonga mtu mchana kweupe."

Walikuja kutoka kituo cha mafuta, kutoka dukani, kutoka kwenye ngazi za jengo lililokuwa likipakwa rangi. Kofi la kwanza liliangusha miwani. Teke lililofuata lilimpata dereva ubavuni, akainama hadi paji la uso wake likakaribia la Cheche, lakini mikono haikubanduka.

"Msimguse," alisema. "Nipigeni mimi. Yeye msimguse."

"Asiguswe kwani umemnunua?" aliuliza mmoja.

"Umemgonga mwenyewe, sasa unamlinda?"

Mpaka rangi mmoja alishuka ngazini na mpini wa brashi ndefu, akampiga nao mgongoni mpaka ukavunjika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Jiwe lilimpasua sikio. Damu ya dereva ilidondoka usoni pa Cheche, na waliokuwa nyuma, ambao hawakuona ilikotoka, walisema mnoa visu anavuja damu zaidi, maana yake anazidi kuuawa. Wakapiga kwa bidii zaidi.

Cheche alikuwa na fahamu zake zote. Kwa sauti ndogo iliyomtoka alisema, "Niacheni."

"Mnamsikia?" alisema fundi viatu, machozi yakimlenga. "Anamwomba amwache."

Kutoka hapo hadi sokoni ni mwendo wa hatua mia tatu, na habari ilikua kila hatua. Ilipofika buchani ilikuwa hivi: aliyemgonga kaka yako anammalizia kwa mikono. Pande alitoka mbio na aproni yake. Alipofika alikanyaga kimoja cha visu vyake mwenyewe. Akakiokota.

"Mwachie kaka yangu."

"Ndugu yangu," dereva alisema, jicho moja likiwa limeshafumba, "nikiiachia hii shingo..."

Hakupewa nafasi ya kumaliza. Pande aliupiga mkono wa kulia kwenye kifundo, mahali ambapo mchinjaji yeyote hutafuta kiungo. Kano zilikatika na mkono ukafunguka wenyewe. Wa kushoto bado ulishika. Pigo la pili lilizama chini ya mbavu. Dereva alianguka kwa ubavu, na umati ukamfunika kwa mateke, mawe na kipande cha tofali la saruji. Sitaeleza kila kitu. Nitasema tu kwamba ilichukua muda, na kwamba walioshiriki walikuwa wengi kiasi cha kila mmoja kuweza kusema baadaye kuwa yeye alipiga kidogo.

Kisha ukafika wakati wa huruma. Kwa desturi yetu mgonjwa tunamwinua, mfiwa tunamwinua, mlevi aliyeanguka mtaroni tunamwinua. Mtu akiwa chini tunaona aibu kwa niaba yake. Pande alimshika kaka yake makwapani, fundi viatu akashika miguu, wengine wakashika walichokipata.

"Niacheni," Cheche alisema mara ya pili.

"Tupo hapa, kaka. Tumeshakuokoa."

"Taratibu jamani," alisema mmoja, na wote wakakubali, kisha kila mtu akavuta upande wake. Kichwa kilining'inia nyuma. Cheche alisikia kitu ndani ya shingo kikiachia, kidogo tu, kama uzi unavyokatika katikati ya mshono. Hakulia, kwa sababu maumivu ya miguu yalikoma papo hapo. Fundi viatu aliuona uso wake ukitulia.

"Mnaona?" alisema. "Ameshapata nafuu."

Wakamlaza kwenye pikapu, juu ya mifuko mitupu, na pikapu ikaondoka kwa kasi ikiruka kila shimo. Dakika sita baadaye gari la wagonjwa lilifika, na ubao wake wa kubebea na kola ya kufungia shingo. Lilikuta mtu mmoja tu wa kuchukua, na hakuwa yule lililoitiwa. Naye hakuhitaji tena kola.

Hospitalini daktari alimwita mke wa Cheche kwenye ukumbi wenye benchi moja.

"Pingili mbili za shingo zilivunjika alipogongwa," alisema. "Lakini uti wa fahamu uliomo ndani yake ulikuwa mzima. Mgonjwa anasema alichezesha vidole pale barabarani. Umekatika baadaye. Nani alimwinua?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wema, daktari. Wanaomfahamu."

Daktari hakuandika jibu hilo.

"Atatembea?" mke aliuliza.

"Hapana, mama."

"Na akiwa amekaa? Nauliza kwa sababu kazi yake ni ya kukaa. Anakanyaga pedali tu. Ukimkalisha, atakanyaga?"

"Hapana, mama. Pole sana."

Pande alijificha siku mbili. Siku ya tatu alikuja wodini, ameoga, shati safi, akasimama kando ya kitanda kama mtu aliyekuja kupokea shukrani.

"Kaka, yule mtu nilimshughulikia."

"Nimeambiwa."

"Niliambiwa ulikuwa unasema niacheni. Nikasema, huyu anataka kufa na mimi nimesimama?"

"Yule alikuwa mmoja, Pande."

"Nani?"

"Aliyenishika. Mtu mmoja huambiwa niache. Mimi nilisema niacheni. Nilikuwa nawaambia nyinyi."

Pande aliyapima maneno hayo mawili mdomoni bila kutoa sauti. Tofauti yake ni silabi moja, na mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

"Labda ulimwambia kwa heshima," alisema hatimaye. "Watu wengine huongea hivyo na wageni."

"Alikuwa amenigonga na gari. Ningemheshimu saa ngapi?"

Mke wa Cheche, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, aliinamisha kichwa.

"Alikuwa ananifanya nini basi?" Pande aliuliza, ulimi ukiwa umeteleza, kisha akajisahihisha. "Alikuwa anakufanya nini?"

"Alinishikia shingo isikatike. Tulikuwa tunasubiri gari. Tulikuwa tunaongea vizuri tu."

Pande alifunua shuka upande wa miguu. Akabana kidole gumba cha mguu wa kaka yake kwa vidole viwili, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zote za mkono wake, mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Kaka, unasikia?"

"Nasikia nini?"

Alibana tena. Shemeji yake alimshika mkono akautoa, akalirudisha shuka mahali pake. Askari wawili waliokuwa wakimfuata tangu asubuhi walisubiri mlangoni mpaka alipomaliza kulia, jambo ambalo sheria haikuwalazimisha kulifanya.

Pande alihukumiwa kifungo cha miaka ishirini na mitano. Fundi viatu na mpaka rangi walipata michache zaidi. Waliobaki hawakujulikana, na baadhi yao leo wanapita njia ile ile. Cheche anageuzwa kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na mkewe hushona katikati ya saa hizo mbili. Baiskeli, ambayo fremu yake haikupinda sana, imetundikwa ukutani kwa sababu uani hapana mtu wa kuipanda. Nyumba ya dereva sikuisimulia kwa kuwa siijui. Nayo ina mlango, na nyuma ya mlango wamo watu.

Funzo la habari hii

Ukimkuta mwendesha baiskeli amegongwa, kazi yako ya kwanza ni kuyazuia magari mengine yasimfikie, na ya pili ni kupiga simu ya dharura na kusema wazi mko wapi. Usimwinue, usimkalishe, usimnyweshe maji, usimpakie kwenye gari lolote lililo karibu kwa sababu tu lipo karibu. Mhamishe ikiwa moto au hatari nyingine inamfuata pale alipo, au ikiwa hawezi kupumua alivyolala. Na hapo mshikeni watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Penye damu nyingi bana kwa kitambaa safi bila kumgeuza. Mzungumzishe. Akizungumza, msikilize neno lote, kwa maana mwenye mwili ndiye wa kwanza kujua unakouma.

Mkimwona mtu amemshika majeruhi kwa namna msiyoielewa, muulizeni anafanya nini kabla ya kumpiga. Swali hilo huchukua muda mfupi kuliko kuokota jiwe.

Na dereva mwenye kosa mwacheni hai. Andikeni namba ya gari lake, mzuieni asiondoke, mkabidhini kwa askari. Mahakama haina la kumfanya maiti, na huenda kwa dakika zile kumi na tano mikono yake ndiyo pekee iliyofundishwa kazi.